Kutoka Gulu hadi Kasese, Dakika Tisini na Tano

Bugolobi, Kampala
22 Aprili 1974

Shemeji yangu Onen,

Salamu nyingi kutoka Bugolobi, ghorofa ya tatu, ambako maji hupanda siku yakitaka yenyewe. Sisi wazima. Dada yako Ayot anakusalimu, na papo hapo anakugombeza kwa kutoandika tangu Krismasi. Wanetu wote wawili wameng'oka meno ya mbele, kwa hiyo muwa nikinunua nautafuna peke yangu.

Naandika Kiswahili, kile cha marehemu baba yenu, Sajini wa kambi ya polisi Naguru, aliyewalea kwa lugha ya gwaride. Tena kinawapunguzia taabu wale wanaofungua barua kabla hazijakufikia. Nao nawasalimu.

Sasa sikia habari. Kampuni yetu, yenye ndege mbili na rubani mmoja na nusu (yule wa pili kila siku anaumwa), imeanza safari ya moja kwa moja kutoka Gulu hadi Kasese, kila Alhamisi ya pili. Aliyeipima njia hiyo ni mimi. Nilitandika ramani sakafuni hapa nyumbani, Ayot akashika rula upande wa Gulu, mimi upande wa Kasese. Maili mia mbili thelathini na tano, mstari umenyooka. Hewani ni dakika tisini na tano kama upepo hauna ubishi. Kwa barabara, kupitia Kampala, ni karibu maili mia tano, na vizuizi sikuvihesabu maana vinazaana. Jedwali amelipiga taipu Nafuna, karani wetu wa kutoka Bungoma, na limebandikwa ukutani ofisini. Chini yake kuna jina langu.

Siku ya safari mimi huenda Gulu na ndege asubuhi, napima watu na mizigo. Ndege ya abiria saba haina mzaha na uzito. Kila mtu hupanda mizani ile ya magunia ya pamba, nami nasoma kilo kwa sauti ili rubani asikie. Alhamisi iliyopita alipanda mfanyabiashara mmoja wa nguo, nikasoma, "Mia moja na kumi na mbili." Uwanja mzima ukampigia makofi, naye akapunga mkono kama mgombea.

Wewe umekaa huko Kilembe kwenye stoo ya mgodi miaka mitatu bila kumwona mama yenu, na sote tunajua kwa nini, tangu mapinduzi yale, njia ya kaskazini haimfai kijana wa Gulu. Lakini yeye anaweza kukujia. Chai atakunywa Gulu, chakula cha mchana atakula kwako. Sema neno tu.

Shemeji yako,
Otema


Kilembe
3 Mei 1974

Shemeji Otema,

Nimepokea barua yako. Msalimu Ayot, mwambie asinigombeze, nina sababu. Adero amejifungua tarehe 28, mtoto wa kiume. Amekuja kabla ya wakati wake, wiki saba hivi. Ni mdogo sana, Otema. Nikimweka juu ya kiganja, miguu yake inafika hapa kwenye saa.

Daktari wa mgodi ametuambia tumpe joto na maziwa ya mama kidogo kidogo, basi. Adero anaogopa kumshika. Hata mimi naogopa. Lakini Mama amewahi kulea wa namna hii. Mimi mwenyewe nilizaliwa kabla ya siku zangu, na alinifunga kifuani miezi miwili, akilima nami humo humo. Hakuna kitabu kinachoyajua anayoyajua Mama Akwero. Na mtoto hana jina bado, anamngoja yeye ampe.

Kwa hiyo neno lenyewe ni hili: mlete Mama. Filda, binti wa mjomba, atamsindikiza hadi uwanjani Gulu. Huku atapokewa na jirani yangu Dawudi. Ni sajini wa jeshi, mtu wa Arua, lakini ni mtu. Ana Land Rover na amejitolea mwenyewe.

Nikutanie kidogo, maana sijacheka wiki nzima. Umemwoa dada yangu miaka saba, na kwa desturi yetu hujakutana na Mama uso kwa uso hata mara moja. Ukija njia hii, yeye anakatiza majani, na jina lake hulitamki. Alhamisi hiyo utajificha wapi, chini ya bawa?

Onen


Kampala
9 Mei 1974

Shemeji,

Hongera ya mtoto. Ayot amelia, halafu amecheka, halafu ameanza kufuma soksi zisizozidi kidole changu.

Kiti kimepatikana, Alhamisi tarehe 16. Ndege inaondoka Gulu saa nne asubuhi na kutua Kasese saa tano na dakika thelathini na tano. Mwambie Dawudi awe pale mapema, maana mimi nikisema dakika tisini na tano ni tisini na tano. Kuhusu bawa, niachie mwenyewe.

Otema


Kampala
18 Mei 1974

Shemeji mpendwa,

Natumaini mtoto na mama yake wanaendelea vizuri. Sisi hapa hatujambo.

Utakuwa umeshajua kwamba mama yetu hakufika. Ilitokea hivi: walikuja uwanjani watu wa magwanda, wakati ndege iko tayari, wakahitaji kiti. Unajua mambo yalivyo. Hakuna mtu angeweza kusema neno. Nimesikitika sana. Filda amerudi naye nyumbani.

Ndege nyingine ya moja kwa moja ni tarehe 30. Nitajitahidi.

Otema


Kilembe
2 Juni 1974

Otema,

Salamu kwa Ayot na watoto. Adero hajambo kwa mwili.

Mtoto alifariki Ijumaa tarehe 24, tukamzika Jumamosi. Mama aliingia hapa Jumatatu.

Hakukubali kungoja tarehe 30. Alipanda basi Gulu, basi likaharibika kabla ya Karuma, wakalala porini. Vizuizi alivihesabu hadi tisa, akaacha. Kwenye kimoja walimwaga mtama wake chini, kwenye kingine walichukua blanketi alilokuwa amemletea mtoto. Kampala alilala siku tatu Naguru, kwa rafiki wa zamani wa Baba, akingoja basi la huku. Ayot atakuwa amekuambia. Nyumba yako iko ng'ambo ya pili tu kutoka hapo, lakini ni ya mkwe wake, asingeweza kulala chini ya paa lako. Siku kumi na moja njiani. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu akavishika mkononi.

Aliuliza mtoto yuko wapi. Tukamwonyesha mahali. Alikaa pale hadi jua likazama, akampa jina hivyo hivyo, udongoni. Amemwita Okeny.

Jioni hiyo aliniambia mambo mengi, mengine sikuyaelewa. Alikuwa na homa. Alisema, "Mkwe wangu ana adabu mno." Nilidhani anaota.

Nakuambia na jambo jingine, maana halina wa kuambiwa hapa. Dawudi alikuja na mkewe kunipa pole, na sikuwafungulia. Nilimwambia kupitia dirishani: wenzako wa magwanda walikalia kiti cha mama yangu, nenda ukapewe pole na wao. Alisimama kidogo na kofia yake mkononi, akaondoka. Hatujasalimiana tena, na milango yetu inatazamana.

Onen


Kampala
14 Julai 1974

Shemeji mpendwa Onen,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Poleni sana, wewe na Adero. Sina maneno. Ayot alikaa matanga siku tatu, majirani wa hapa ghorofani wakamletea chai bila sukari, maana sukari imekuwa kitu cha kusimuliwa. Natuma na dereva wa lori la mgodi sabuni vipande vinne na samaki wakavu wa Ggaba, wa mama yetu.

Huku mvua ni nyingi. Tumepima njia mpya, Soroti hadi Arua. Ni maili mia mbili na saba, dakika themanini na tano. Upepo wa kule ni wa mashariki mwezi huu, kwa hiyo kwenda ni haraka kuliko kurudi. Na Moroto tumeanza kuipima, ingawa uwanja wake una ng'ombe.

Kuhusu jirani yako yule, labda ungemsalimu tu. Si kila mtu anahusika na kila jambo.

Natumaini miguu ya mama inapungua.

Otema


Kilembe
1 Agosti 1974

Otema,

Samaki wamefika. Mama anakushukuru. Miguu imepungua, lakini kifua kimeanza kumsumbua, na chakula anaonja tu.

Uliniandikia upepo wa Arua. Asante. Sasa na mimi nina la kukuandikia.

Jumapili Dawudi alinisimamisha njiani, akaniambia nimsikilize hadi mwisho, kisha nikitaka nimtemee mate. Nakuandikia kama alivyosema, kwa Kiswahili chake cha kambi:

"Onen, mimi iko pale Kasese ile siku. Mimi nafika saa tano, nasimama karibu na waya. Ndege nakuja, watu nashuka. Mimi nahesabu, kwa sababu natafuta mama yako. Sita. Sista moja, watu ya biashara tano. Askari hakuna, hata moja. Mimi nauliza rubani, 'Mzee mwanamke iko wapi?' Yeye nasema hajui. Mimi nachungulia ndani. Kiti moja iko bure, rubani naweka koti yake juu. Habari ya askari mimi nasikia mara ya kwanza ile siku ya kilio, nataka kusema wewe. Wewe nafunga dirisha."

Viti saba, watu sita, na koti. Shemeji, wewe ni mtu wa mahesabu. Mimi ni mtu wa stoo, na katika stoo kitu kikipungua tunamuuliza aliyekuwa na ufunguo.

Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Nipimie basi, ni maili ngapi?

Onen


Kampala
30 Agosti 1974

Onen,

Leo salamu nitazitanguliza kwa Mungu, zako zitakuja nyuma kama utazipokea. Barua hii nimeianza mara tano. Nne nimezichoma jikoni, na Ayot ameona moshi wala hakuuliza. Hatuulizani kitu siku hizi.

Hakuna mtu wa magwanda aliyekuja uwanjani. Niliwaingiza mimi kwa kalamu. Nilijua hutauliza zaidi, maana nani huuliza habari za magwanda mwaka huu? Katika nchi hii ukitaka uongo wako usiguswe, uvishe kombati. Nilijua hilo, nikalitumia, juu ya mama yako.

Ilikuwa hivi. Ulikuwa umenitania kuhusu bawa, nikakujibu uniachie, na kwa kweli nilidhani nitapata njia. Nilidhani Filda atatangulia kuniambia, au atakuja akiwa amefunikwa, sijui. Sikupanga kitu. Nilipima maili mia mbili thelathini na tano, nikasahau kupima hatua kumi kati ya mama yako na mizani yangu.

Saa tatu na nusu mizani ilikuwa uwanjani, na watu wamekusanyika kama kawaida, maana Gulu wanakuja kunisikiliza nikisoma kilo kama wengine wanavyokwenda mpirani. Nilikuwa na orodha ya Nafuna mkononi. Nikaita jina la kwanza, akapanda, nikasoma. La pili. La tatu alikuwa sista, hamsini na nane. Jina la nne lilikuwa lake.

Onen, sikuweza. Miaka saba sijalitamka jina lile hata gizani. Nilimwona Filda karibu na waya, na nyuma yake mwanamke mwembamba amejitanda nguo ya kijani. Naye aliniona. Akafanya kama desturi inavyotaka, akageuka, akaenda kusimama nyuma ya mapipa ya mafuta, kunipa nafasi nipite. Lakini mimi sikuwa napita. Mimi ndiye niliyekuwa na mizani. Nikiita, atatoka mbele ya watu wote, apande pale panapowekwa pamba, nami nisimame kifua kwa kifua naye, nitazame mshale, nipaze sauti niseme mama ya mke wangu ana kilo ngapi. Na watu wapige makofi.

Nikaruka jina. Nikasoma la tano.

Usidhani hapakuwa na njia. Oryem, mpakiaji wetu, alikuwa ubavuni mwangu, na mizani anaijua kuliko mimi. Ningempa ile karatasi nikasimama mbali dakika mbili, yote yangekwisha. Niliona aibu watu waseme karani wa Kampala, mwenye jina ukutani, amempa mpakiaji kazi yake kwa kumkimbia mama mkwe. Hiyo ndiyo aibu niliyoikwepa. Nikaifuata hii.

Oryem mwenyewe aliniambia, "Bwana Otema, mama moja iko pale nyuma ya pipa. Yeye si ya ndege?" Nikamwambia akaondoe mawe kwenye magurudumu.

Kapteni Oduor akatoa kichwa dirishani. Ni Mkenya, mtu mpole, mila zetu hazijui. Akaniuliza, "Wote?"

Nikasema, "Wote."

Neno moja. Mlango ukafungwa, ndege ikaenda na kiti kitupu kwa dakika tisini na tano, sawasawa na jedwali langu. Vumbi lilipotulia alikuwa bado nyuma ya mapipa, mgongo wake kwangu, anangoja mtu amwite. Ni Filda aliyekwenda kumshika mkono. Mimi nilijifanya nakunja karatasi.

Sisemi angemponya mtoto. Sijui, na wewe hujui, na hiyo ndiyo adhabu yangu, kwamba hatutajua. Alipolala Naguru nilijua. Ayot alikuwa akimpelekea chakula, na mimi nikibaki na watoto nikiosha sahani ambazo ni safi. Nilifika hadi chini ya kilima jioni ya pili, nikanunua mahindi ya kuchoma nisiyoyataka, nikarudi.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nami nimejikwaa ulimi mara mbili, kwa neno nililolisema na kwa jina nililoliacha. Barua hii Ayot ataisoma kabla sijaifunga. Nimemwachia mezani. Mwombee msamaha wangu Dawudi, au mwonyeshe barua, au mpe aisome kambini, vyovyote upendavyo.

Otema


Kilembe
1 Oktoba 1974

Otema,

Barua yako ilifika katikati ya mwezi. Nilimaliza wiki mbili bila kujibu, na sikuwa na kazi nyingi.

Ayot ameniandikia barua yake mwenyewe. Anasema bado yuko nyumbani, na kwamba wewe ndiye unayepanda na ndoo za maji siku hizi. Hayo ni yenu.

Kwa Dawudi nilikwenda mwenyewe. Nilibisha, akafungua mara moja, na hilo liliniumiza kuliko kama angenifungia. Nilimsomea barua yako yote. Akasema kwao Arua pia mtu hamtazami mama mkwe, lakini mizani ya pamba hawajawahi kuiweka katikati. Mkewe akaleta uji. Nilikunywa nikitazama chini. Kwa hiyo ujue kwamba aibu uliyonitumia imefika, nayo nimeitumia.

Nilimuuliza Mama. Hakushangaa. Alisema aliiona mizani tangu mbali, akaelewa kazi yako ni ipi, akaenda nyuma ya mapipa ili usiaibike. Alidhani utamtuma mtu. Ndege ilipoondoka alidhani kiti hakikuwapo. Ndiyo maana ya lile neno la usiku wa homa, mkwe wangu ana adabu mno. Otema, alikuwa anakusifu. Sikuwa na moyo wa kumwambia kiti kilikuwapo. Mwambie wewe siku yako ikifika, huko mbele ya Mungu ambako hakuna mkwe.

Sijui kama nimekusamehe. Nikisema ndiyo nitakuwa mwongo, na sisi wawili tumeshatosha kwa hilo. Lakini nina haja.

Mama anataka kwenda nyumbani. Daktari amenivuta pembeni akaniambia nisimcheleweshe. Kwa basi hawezi tena, hata maili kumi. Nasikia ndege ya tarehe 17 mwezi huu inaanzia Kasese kwenda Gulu. Kiti kimoja.

Jana nilimpeleka kliniki ya mgodi, muuguzi akampima nyuma ya pazia. Kilo thelathini na tisa, pamoja na nguo ya kijani. Nimekuandikia ili karatasi yako ijazwe na asipande mizani yoyote. Mzigo wake nimeupima mwenyewe stoo, ni kilo nne, nusu yake ni udongo wa kaburi la Okeny anaokwenda nao kwao.

Mimi sitakuja uwanjani. Sijawa tayari kukuona. Dawudi atamleta. Jina lake ni Akwero, kama umelisahau.

Onen


Bugolobi, Kampala
20 Oktoba 1974

Onen,

Salamu kwako na kwa Adero. Ayot ni mzima, na juzi aliniuliza kama nimekula. Watoto wameota meno.

Nakupa habari ya Alhamisi, uijue kutoka kwangu kabla ya kwa mwingine.

Niliomba niende Kasese siku hiyo, na nikamwambia Nafuna na Kapteni Oduor sababu yote, mbele ya mkubwa wetu. Nafuna alinitazama kama mtu anayetazama jani limeingia kwenye uji wake. Mizani niliiacha kwa Oryem, tukamchukua kwenye ndege kwa ajili hiyo. Yeye ndiye aliyeita majina, moja baada ya moja, na kilo akazisoma kwa sauti ndogo, rubani akizifuata mwenyewe karibu. Hakuna aliyepiga makofi. Jina la sita Oryem hakuliita, alinionyesha tu kwa kidole, nami nikaandika thelathini na tisa, na nne pembeni. Namba zinasomeka.

Abiria sita wakaingia. Land Rover ilikuwa bado haijaonekana. Saa ya jedwali ikafika. Oduor akawasha injini ya kwanza, halafu ya pili, maana kulikuwa na wingu linapanda kutoka milimani kwenu, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba dakika tisini na tano ni tisini na tano.

Ndipo Dawudi akatokea mwisho wa uwanja. Gari halikuruhusiwa kupita waya, kwa hiyo walitembea. Alikuwa amemshika mkono, na kofia ya jeshi ameipachika kwapani, wanakwenda hatua mbili, wanasimama, hatua mbili, wanasimama. Nikageuza mgongo kama inavyonipasa, nikatazama milima. Nilikuwa nasikia fimbo yake tu kwenye changarawe, wakati upepo wa mapangaboi ukipungua.

Oduor akatoa kichwa dirishani. Akaitazama saa, akanitazama mimi, akaniuliza, "Wote?"

Nikamwambia, "Bado Akwero. Tumsubiri."

Otema